Laiti Mtambo wa Königsberg Usingalivunjika

Juzi tulikuwa kijiweni, kahawa na kashata, ubishi kama kawaida. Jamaa mmoja akasema: "Ile manowari ya Mjerumani isingalizamishwa kule Rufiji, leo tungekuwa tunaongea Kijerumani." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani usingizi ukagoma, nikabaki najiuliza: hivi kweli? Chombo kimoja cha baharini kinaweza kugeuza historia ya nchi nzima?

Basi leo tucheze mchezo wa "ingekuwaje kama". Sharti ni moja tu. Unaruhusiwa kubadili jambo moja, na liwe jambo ambalo kweli lingeweza kutokea. Huruhusiwi kumletea Mjerumani nyambizi kumi pale Kilindini.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Königsberg ilikuwa manowari nyepesi yenye mizinga 10 ya milimita 105. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiitwa Max Looff. Tarehe 31 Julai, harufu ya vita ikiwa imeshatanda Ulaya, ikatoka bandarini na kuwapotea Waingereza waliokuwa wakiinyemelea. Agosti ikaikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, jirani na pwani ya Omani.

Baada ya hapo shida ikawa makaa ya mawe. Manowari ya enzi zile bila makaa ni chuma kinachoelea tu. Na Dar es Salaam haikuingilika tena, maana Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati lao linaloelea kwenye mlango wa bandari ili Waingereza wasipite. Looff akaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, pande za Salale.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 akaibuka Zanzibar. Manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga inatengenezwa mitambo. Haikuwa na ujanja. Ilipigwa ikashindwa, zaidi ya mabaharia 30 wakafa, yenyewe ikaishia kuzama. Looff alikuwa akifikiria kurudi zake Ujerumani kwa kuzunguka Afrika Kusini. Mara chuma kimoja cha mtambo wake mkubwa kikavunjika. Angalia maajabu hayo: mtambo mbovu uliiponza Pegasus, na mtambo mbovu ukaifunga Königsberg. Ikarudi Rufiji, na vyuma vikabebwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam kwenda kutengenezwa. (Waliovibeba tutarudi kwao.)

Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham ikaigundua. Waingereza wakaziba midomo ya mto, wakaiteka Mafia Januari 1915, wakaleta ndege, na mwisho wakaleta manowari mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, zinazoweza kupita kwenye maji mafupi. Tarehe 6 Julai walijaribu wakashindwa. Tarehe 11 Julai 1915, ndege zikiangalia makombora yanaangukia wapi, kazi ikaisha. Lakini mizinga yote 10 iliokolewa, ikafungwa magurudumu na kukabidhiwa kwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Mmoja wapo uko Fort Jesus, Mombasa. Ukifika kautazame.

Haya, sasa tuufungue mlango wa kwanza: tuseme mtambo haukuvunjika. Königsberg inaondoka Septemba 1914. Je, ingefika kwao? Tuwaangalie wenzake. Emden ilimalizwa kwenye visiwa vya Cocos tarehe 9 Novemba 1914. Karlsruhe ililipuka yenyewe katika Atlantiki siku chache kabla ya hapo. Kikosi cha von Spee kilisambaratishwa Falkland tarehe 8 Desemba. Dresden iliyoponyoka huko ikafikia mwisho wake Chile Machi 1915. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba Königsberg nayo ingezama, ila mahali pengine, na mizinga yake ingelala chini ya bahari.

Hapo mtu wa kijiweni ataruka: "Ehee! Bila ile mizinga Lettow asingefika mbali!" Subiri kwanza. Lettow aliwashinda Waingereza Tanga Novemba 1914, wakati mizinga ile bado iko melini. Na alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917 hakuwa nayo tena, lakini alipigana mwaka mwingine mzima, mpaka akasalimu amri Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Mizinga ilimsaidia, sikatai. Ila vita yake ilianza bila mizinga hiyo na ikaisha bila mizinga hiyo.

Mlango wa pili ni mdogo zaidi na wachache wanaukumbuka. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, ikijifanya ya Denmark, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na makaa ya kuikomboa Königsberg. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaikuta na kuishambulia. Meli ikawaka moto, Waingereza wakaamini kazi imekwisha, wakaondoka. Kumbe shehena nyingi ilikuwa salama. Wajerumani wakaopoa bunduki na risasi kwa wingi, risasi zilizolowa zikaanikwa na kusafishwa kwa mikono. Makaa hayakuifikia Königsberg, lakini risasi zilimfikia Lettow.

Je, kama nahodha wa Hyacinth angerudi kesho yake kuhakikisha? Naona hapa ndipo bahari ingeweza kweli kubadili vita ya nchi kavu. Mwanajeshi bila risasi hana maneno. Hata hivyo Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilipenya hadi Sudi, kusini mwa Lindi, na shehena nyingine. Kwa hiyo pengine tungepunguza miezi, si kuifuta vita.

Sasa nimjibu jamaa yangu wa Kijerumani. Kaka, Lettow hakushindwa kabisa vitani, na bado Ujerumani ilinyang'anywa koloni. Kesi ya Tanganyika iliamuliwa Ulaya, ikatiwa saini Versailles 1919, si Rufiji. Halafu Mjerumani mwenyewe alitawala hapa kwa Kiswahili. Maakida walikitumia, shule zake zilikifundisha, barua za ofisini ziliandikwa kwa Kiswahili. Angebaki, huenda tungekuwa na maneno mengine ya aina ya "shule" na "hela". Basi.

Sasa kitu kilichoninyima usingizi. Ukisoma habari za Königsberg utakutana na majina ya manahodha, milimita za mizinga, tani za makaa. Watu walioburuta vile vyuma kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam na kuvirudisha hawana jina hata moja. Mizinga ile ilitembea nchi nzima kwa sababu walikuwepo watu wa kuivuta. Lettow alipigana miaka minne kwa chakula kilichotolewa vijijini na mizigo iliyokaa vichwani mwa watu. Waingereza waliomfukuza nao walifanya vivyo hivyo: mamia ya maelfu ya wapagazi, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na hapahapa kwetu. Hesabu rasmi ya Waingereza inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi inakaribia au kupita 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Na Ugogo, baada ya majeshi kupita na kubeba ng'ombe, nafaka na vijana, ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya.

Kwa hiyo "ingekuwaje kama" yangu ni nyingine, na huo ndio mlango wa tatu. Agosti 1914 gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakuitaka vita hii. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha nafasi kwa makoloni ya ukanda wa Kongo, pamoja na hili letu, kutoingia kwenye vita ya Ulaya. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilipoupigia mizinga mtambo wa redio wa Dar es Salaam, yalifuata makubaliano ya kutopigana katika bandari za Dar es Salaam na Tanga. Karatasi zilikuwepo! Lettow hakuzitaka, na London haikuzitaka pia.

Fikiria sasa Königsberg haikuletwa Dar es Salaam Juni ile. Imebaki ile meli kuukuu ya doria, Geier, ambayo isingemnyima Mwingereza usingizi. Hakuna mwindaji wa meli za biashara anayeota baharini, redio ya Dar es Salaam si tishio kubwa, na Schnee ana hoja nzuri zaidi mezani. Je, ingetosha? Pengine hapana. Wenye kiu ya vita walikuwa wengi kila upande. Lakini kati ya milango yote mitatu, huu ndio pekee ambao nyuma yake wapagazi wale wangebaki hai, wakalima na kuoa.

Sijui kama utaniona mpumbavu. Mchezo huu tumezoea kuucheza kwa kuuliza nani angeshinda. Nadhani tunaweza pia kuuliza nani angebaki.

Pale Posta kuna Sanamu ya Askari, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Iliwekwa 1927. Mpagazi hayupo pale juu. Yeye kaachiwa jina la kambi yake tu, Carrier Corps, ambalo wazee wetu walilitamka walivyoweza mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao. Kila siku konda anaita "Kariakoo! Kariakoo!" na sisi tunapanda, tunagombania siti.

Kesho nikirudi kijiweni nitamwambia jamaa kwamba Kijerumani tusingeongea. Halafu nitamuuliza: babu wa babu yako, mwaka 1916 alikuwa wapi, na alibeba nini? Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee anayekumbuka aliyosimuliwa, muulize leo. Usingoje kesho.