Risasi Katika Damu ya Watoto: Historia ya Namba Isiyotulia

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo, ingawa hatutakwenda mbali. Ile UPS iliyo chini ya meza yako ina betri, na ndani ya betri hiyo mna risasi. Sisemi ile ya bunduki, nasema madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Betri ya gari inayo. Betri nyingi za sola vijijini zinayo. Hata waya wa kulehemu vifaa vya elektroniki ulikuwa nayo kwa miaka mingi, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoanza kuizuia kwenye vifaa vipya Julai 2006.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: je, mzazi ampeleke mtoto wake kupimwa risasi kwenye damu? Mimi si daktari, kazi yangu ni kuandika programu. Lakini nilipoanza kusoma historia ya jambo hili niligundua kwamba ni historia ya namba moja, na namba ninazielewa.

Kwanza, tangu lini tunajua? Tangu zamani sana. Mwaka 1904 huko Brisbane, Australia, daktari wa macho aitwaye J. Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto walikuwa wakipata sumu kutokana na rangi iliyopakwa kwenye veranda za nyumba zao. Rangi ilichakaa ikawa unga, watoto wakaishika, kisha wakatia vidole mdomoni. Basi. Hakuna fumbo. Hata hivyo, mwaka 1921 Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli injini haigongi, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo magari ya dunia nzima yakawa yanaitema barabarani. Kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwenye magari ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Sasa ile namba. Risasi hupimwa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni, na desilita ni mililita 100. Huko Marekani, miaka ya 1960, mtoto alihesabiwa kuwa na tatizo akifika 60. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 namba ikashushwa hadi 40. Mwaka 1975 ikawa 30. Mwaka 1985, 25. Mwaka 1991, 10. Mwaka 2012, 5. Na tangu 2021 ni 3.5.

Hebu itazame namba hiyo kwa jicho la mwandishi wa programu. Mahali fulani kwenye programu kuna mstari unaosema: damu ikizidi kiasi hiki, onya. Mara sita mtu amefungua faili na kubadilisha kiasi hicho, na kila mara amekishusha. Damu ya watoto haikuwa imebadilika usiku huo. Mtoto mwenye 35 aliyerudishwa nyumbani mwaka 1972 akiambiwa yuko sawa angehesabiwa mgonjwa mwaka 1975, kwa damu ileile.

Kwa nini ilishuka? Kwa sababu vipimo vilizidi kuonyesha madhara pale ambapo macho hayakuona kitu. Mwaka 1979 Herbert Needleman na wenzake walichapisha utafiti wa meno ya utotoni ya wanafunzi wa Massachusetts. Watoto wale hawakuwa wagonjwa, walikuwa shuleni kama kawaida. Lakini waliokuwa na risasi nyingi kwenye meno walipata alama za chini katika majaribio ya akili, na walimu waliona wanashindwa kutulia darasani. Tena, kati ya 1976 na 1980, uchunguzi wa afya wa taifa zima la Marekani ulionyesha risasi katika damu ikishuka kwa takriban asilimia 37, sambamba na kupungua kwa risasi kwenye petroli. Bila kuwapima watu, nani angejua? Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mtu atasema, basi tuwapime watoto wote, tuwape dawa, mambo yaishe. Ngoja kidogo. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, na mtoto mwenye kiwango cha juu sana zinaweza kumwokoa maisha. Lakini mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la watoto 780 wa Marekani waliokuwa na kati ya 20 na 44. Dawa ilishusha risasi kwenye damu, lakini akili za watoto hazikunufaika. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo kipimo kinasaidia hasa kwa kutuonyesha kwamba kuna mahali panapovuja, ili paziwe kabla mtoto hajapokea zaidi, na kabla ya mdogo wake kuzaliwa.

Sasa tuje nyumbani. Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa. Mwaka 2007 kilianza kazi hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mtoto wake mchanga akaugua, na kipimo cha damu kikaonyesha risasi. Aliacha kazi, akapigania watoto wengine wa mtaa wapimwe, akakamatwa mwaka 2012, mahakama ikamwachilia, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Septemba 2015 wataalamu walipima damu ya watoto 130 wa chini ya miaka mitano katika mitaa miwili ya Mombasa: Owino Uhuru na Bangladesh, ambao haukuwa na kiwanda cha aina hiyo. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa 7.4. Wa Bangladesh ulikuwa 3.7. Hapa pana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Risasi ya kwenye damu hupungua kwa nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, nyingine ikijificha mifupani kwa miaka mingi. Kwa hiyo kipimo cha damu ni kama kumbukumbu za seva zinazojifuta zenyewe: ukichelewa kuzisoma, huwezi tena kujua hali ilikuwaje siku ile ya hitilafu. Pili, itazame ile 3.7. Huo ndio mtaa wa kulinganishia, mtaa "mzuri". Mwaka 2015 ulikuwa chini ya kiwango cha Marekani cha 5. Tangu 2021 uko juu yake.

Kesi ya wakazi ilifika mahakamani mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Wakazi walifika huko wakiwa na karatasi za vipimo, vya udongo na vya damu. Machozi peke yake yasingetosha.

Jibu langu basi. Ikiwa unaishi karibu na wanaoyeyusha betri, au kuna mtu nyumbani anayezitengeneza na kurudi na nguo za kazi, au rangi ya zamani inabambuka ukutani, mpime mtoto. Usingoje augue, maana wengi hawaonyeshi dalili. Nendeni pamoja na majirani, kwa sababu mtoto mmoja ni bahati mbaya lakini watoto ishirini ni ushahidi. Omba damu itolewe kwenye mshipa, kwani vumbi la risasi kwenye ngozi linaweza kuharibu kipimo cha kidole. Na kama huna sababu yoyote ya kushuku, sioni ulazima wa kukimbilia maabara kesho.

Lakini ukipima, usikubali kuambiwa "ni kawaida" ukarudi nyumbani. Omba namba na tarehe, uviweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Neno "kawaida" limebadilishwa mara sita tangu miaka ya 1960, na linaweza kubadilishwa tena mtoto wako akiwa bado shuleni. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi haitabadilika.