Kijisanduku cha Nishani na Jina la Mpagazi

Barabara kuu inayotoka Vwawa kwenda Tunduma hupita Ihanda, na msafiri wa leo huiona kupitia pengo lililo kati ya lori moja na jingine. Nchi hii ya Wanyiha iliwahi kuwa medani ya vita. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kuingia katika koloni la Wajerumani. Mwishoni mwa Oktoba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, akitoka Msumbiji kwa njia ya Songea, alipita misheni ya Wamoravia ya Mbozi, na siku chache baadaye akaishambulia Fife, ng'ambo ya mpaka. Pande zote mbili zilitembea kwa nguvu za migongo ya wapagazi. Makala haya yanahusu nishani za vita hivyo, na hasa jinsi zilivyofungashwa na kukabidhiwa, kwa sababu naamini kifungashio kinatueleza mengi zaidi kuliko chuma chenyewe.

Tuanze na Wajerumani. Koloni lao lilikuwa limezingirwa baharini, hivyo nishani zilisafiri kama magendo. Machi 1916 meli ya Marie iliponyemelea Ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ilileta risasi, mizinga na dawa, na pamoja navyo Misalaba ya Chuma. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameueleza mgao huo katika kumbukumbu zake: nahodha wa manowari ya Königsberg alipata wake, nusu ya mabaharia wake wakapata wa daraja la pili, naye Lettow akapata wa daraja la kwanza na wa pili. Askari weusi waliletewa nishani kadhaa. Shehena hiyo ilishushwa pwani na kusambazwa bara na wapagazi, ambao katika mgao huo hawatajwi.

Waingereza hawakuwa na shida ya meli, ila walikuwa na utaratibu wa polepole. Wakati wa vita, askari aliyetunukiwa kwa ushujaa aliweza kuvishwa kwanza kipande cha utepe tu, na nishani yenyewe ikafuata baadaye. Nishani za jumla za vita, yaani ile ya fedha ya Vita na ile ya shaba ya Ushindi, zilitolewa baada ya mapigano kwisha. Kila moja ilifungwa katika karatasi laini na kuwekwa ndani ya kijisanduku cha kadibodi pamoja na utepe wake. Juu ya kijisanduku iliandikwa namba, cheo na jina la mhusika, na maneno hayo hayo yalichongwa kwenye ukingo wa nishani. Bahasha ilipelekwa kwa rejista, na mpokeaji akatakiwa kutia saini stakabadhi na kuirudisha.

Tafakari masharti yaliyojificha katika kitendo hicho kinachoonekana kuwa cha kawaida. Lazima uwe na jina lililoandikwa kwenye orodha, tena liandikwe vilevile mara zote. Lazima uwe na anwani. Lazima ujue kusoma, au uwe na mtu wa kukusomea. Mpagazi aliyechukuliwa shambani kwake alikuwa na namba tu, na mara nyingi namba hiyo ilikuwa kwenye kipande cha bati shingoni.

Hapa hesabu inasaidia kuliko hisia. Nishani ya Vita ilitolewa pia kwa shaba badala ya fedha, kwa ajili ya vikosi vya kazi: Wachina, Wahindi, Wamalta na wengineo. Nakala hizo za shaba zilikuwa takribani 110,000 kwa dola nzima ya Uingereza. Wapagazi waliotumikishwa na Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa ni zaidi ya 95,000. Hata kama shaba yote hiyo ingeletwa huku, na haikuletwa yote, wapagazi tisa kati ya kumi wangebaki mikono mitupu. Serikali ya Afrika Kusini, kwa upande wake, iliwakatalia hata hiyo shaba vibarua wake weusi waliotumika Ufaransa. Huko Kenya mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea ilibaki bila kudaiwa kwa kuwa warithi hawakujulikana, na Hazina ya London haikukubali kuitoa. Kilichobaki kwetu ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo.

Vita vya pili vilileta kasoro ya aina nyingine. Watanganyika wapatao 87,000 walivaa sare, na wengi wao walifika Burma. Safari hii Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye nyota na nishani zake za vita. Jina la mpokeaji lilibaki kwenye kadibodi ya nje. Sasa fikiria nyumba ya nyasi, mvua za masika na mchwa: kadibodi ikiliwa, mjukuu hubaki na Nyota ya Burma inayoweza kuwa ya mtu yeyote.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Lettow waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba huko Mwanza wengi walifika bila cheti chochote, na mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Wanaharakati hukicheka kisa hiki. Mimi humwazia mpagazi, ambaye hakufundishwa gwaride, na ambaye kwa kipimo hicho angeondoka bila senti.

Orodha za waliopewa nishani za vita vya kwanza zimehifadhiwa Kew, London, chini ya kumbukumbu WO 329, zikiwa zimepangwa kwa vikosi. Kwa wanafunzi wanaorudi likizo Ihanda, Vwawa na Tunduma nina ombi dogo: waulizeni wazee ni babu yupi alibeba mzigo, wa nani, kutoka wapi hadi wapi. Andikeni jina kamili kama familia inavyolitamka, na tahajia nyingine zote mtakazozisikia, kwa sababu karani wa mwaka 1916 aliandika alichodhani amekisikia.