Mtayarishaji wa Santuri na Kuenea kwa Kiswahili: Mchango wa Charles Worrod

Wanaochunguza kuenea kwa Kiswahili nchini Kenya wamezoea kutaja wamisionari, shule, jeshi na redio. Mtayarishaji wa santuri hatajwi sana. Makala haya yanakusudia kumpa nafasi yake, kwa kumtazama Charles Worrod, Mwingereza aliyeongoza Equator Sound Studios mjini Nairobi katika miaka ya 1960.

Kazi ya Worrod ilikuwa kutafuta vipaji na kuviunganisha. Bendi ya studio yake iliwakutanisha Fadhili William, ambaye asili yake ni Taita. Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda. Na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Hapana lugha ya mama ambayo ingewatosha wote hao, wala ambayo ingeuza santuri nje ya mipaka ya kabila moja. Msikilizaji wa Kajiado au Kitengela, katika nchi ya Wamaasai, asingeufahamu wimbo wa Kiluhya. Wa Kiswahili aliweza kuufuata. Hivyo haja ya soko iliitumikia lugha bila ya kukusudia.

Yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hicho hakikuwa kile cha washairi wa Lamu na Mombasa. Hakikufungwa na vina na mizani. Kilikuwa lugha ya mazungumzo ya mjini, iliyopimwa kwa mapigo ya gitaa na mtindo wa twisti. Hata hivyo kilisafiri mbali. “Helule Helule” wa Kabaka ulirekodiwa upya Uingereza na The Tremeloes mwaka 1968.

Lakini santuri ilileta pia tatizo zito. Karatasi yake hudai jina la mwenye wimbo, ilhali wimbo wa mdomo hupita kwa wengi. “Malaika” ulipata umaarufu kwa sauti ya Fadhili William, kisha ya Miriam Makeba. Hata hivyo wengine, akiwamo Adam Salim, walidai kuutunga. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukwisha.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, basi, jina lililoandikwa juu ya santuri ni ushahidi wa nani aliyerekodi. Si lazima liwe ushahidi wa nani aliyetunga. Worrod alizihifadhi sauti. Kuwatafuta wenye maneno ni wajibu wetu, kabla wazee wanaokumbuka hawajatutoka.