Mipaka ya Dilolo: namna Kasaji ilivyoingia katika teritwari yake ya uchaguzi

Mukristu wa Kasaji anapokwenda kupiga kura, anapiga katika teritwari ya Dilolo. Kura yake inahesabiwa pamoja na zile za Malonga, za Kisenge, na za Dilolo kwenye mupaka wa Angola. Haihesabiwi pamoja na kura za Mutshatsha, ijapokuwa reli moja inapita pote pawili. Tumezoea jambo hili kama tulivyozoea mito na vilima. Lakini mipaka ile haikuumbwa pamoja na inchi. Watu waliikata, katika miaka inayojulikana, na mara nyingi walikuwa mbali sana na Kasaji walipoikata.

Zamani inchi hizi zilikuwa chini ya ufalme wa Walunda. Mwant Yav alikaa Musumba, upande wa Kapanga, na masultani wa kusini na wa magaribi walimutambua kwa kupeleka mulambo. Ufalme ule haukuwa na mupaka wa kuchorwa. Ukitaka kujua mutu fulani ni wa wapi, uliuliza anapeleka mulambo kwa sultani gani. Wachokwe walipoingia kwa nguvu katika karne ya 19, hesabu ile ilivurugika, na vijiji vya Walunda, vya Wachokwe, vya Wandembu na vya Walwena vikachanganyika, hata leo.

Halafu mwaka 1891 mufalme Leopold II na Wareno walipatana juu ya inchi ya Lunda. Walifuata mito, hasa Kwango na Kasai, nao ufalme ukapasuka: upande mumoja Kongo, upande mwingine Angola. Hakuna sultani aliyeulizwa.

Jambo la kushangaza zaidi lilikuja mwaka 1927. Wabelgiji walitaka nafasi karibu na Matadi kwa reli yao, na nafasi ile ilikuwa ya Wareno. Wakafanya badiliko. Ubelgiji ulipata kilometra 3 za mraba hivi huko Matadi, na Ureno ukapewa kilometra 3.500 za mraba hivi hapa kwetu, kusini ya Dilolo. Wazungu waliita kipande kile «buti la Dilolo», kwa sababu katika karta kilikuwa na umbo la kiatu kirefu. Tunawaomba waseminari wafungue karta na kutazama wao wenyewe. Watu waliolala raia wa Kongo wakaamka raia wa Angola, bila kuhama nyumba. Hatusemi kwamba Wabelgiji walikosa akili: bila reli ya Matadi, mali ya ndani ya Kongo ilifika baharini kwa shida. Lakini bei ililipwa na watu wa huku, na faida ilikwenda pengine.

Mwaka 1931 reli kutoka Angola iliunganishwa na ile ya Katanga, kupita Dilolo, Kasaji na Mutshatsha mpaka Tenke. Tangu siku zile Kasaji ikawa stasyo, na njia ya shaba kuelekea Lobito.

Ndani ya Kongo mipaka ilibadilika vilevile. Leta iligawanya Katanga katika distrikti ine, na inchi yetu ikawa katika distrikti ya Lulua. Kisha ikatiwa katika distrikti ya Lualaba. Hapa Eklezya ilifuata karibu njia moja na Leta. Mwaka 1922 Roma iliwapa Wafransisko Prefektura ya Lulua na Katanga ya Katikati. Mwaka 1959 ikawa jimbo la Kamina. Na mwaka 1971 likazaliwa jimbo la Kolwezi. (Tuseme hapa kwamba neno «jimbo» linatudanganya kila siku. Kwetu ni inchi ya askofu na ni provensi pia. Tanzania ni mahali panapochagua depite mumoja. Katekista anayesema «jimbo» mbele ya watu aeleze kwanza ni lipi.)

Kisha uhuru, provensi zilikatwa na kushonwa kama nguo ya zamani. Utengano wa Katanga ulianza 11 Julai 1960, ukaisha Januari 1963. Mwaka ule ule provensi ya Lualaba ilizaliwa, na Kolwezi mukubwa wake, lakini mwaka 1966 Mobutu aliipunguza hesabu ya provensi nayo ikapotea. Katiba ya 18 Februari 2006 iliitaja tena. Lakini ilianza kazi mwaka 2015 tu, na teritwari tano: Dilolo, Kapanga, Sandoa, Lubudi na Mutshatsha. Katika mabadiliko yale yote, teritwari ya Dilolo ilibaki. Na sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006 iliamua kwamba kila teritwari na kila muji iwe mahali pa kuchagua wadepite wa taifa. Ndiyo sababu karta ya mutawala wa zamani ikawa karta ya kura.

Hapa tufikirie kwa makini. Kule Meksiko kuna mahali 300 pa uchaguzi, na kila pamoja panachagua depite mumoja. Kisha hesabu ya watu, mipaka inachorwa upya ili watu wawe karibu sawasawa. Ilifanyika hivyo kisha hesabu ya 2020. Kwetu ni kinyume: mupaka hausogei, lakini hesabu ya viti inasogea. Tena sisi hatukuhesabu watu wote tangu 1984. Viti 500 vinagawanywa kwa kufuata watu walioandikwa kwa kura. Mwaka 2006 walioandikwa walipita milioni 25, yaani kiti kimoja kwa watu 50.000 hivi. Mwaka 2023 walikaribia milioni 44, na kiti kimoja kikataka watu 88.000 hivi. Teritwari isiyoongeza majina yake inarudi nyuma, hata kama watoto wake wanaongezeka.

Basi kuandikwa ni jambo kubwa, na ndipo mupaka wa 1927 unaporudi. Kwa miaka mingi ya vita vya Angola wakimbizi walikuja Kisenge na pengine. Na kisha vita vya 1977, vilivyofika Kasaji na Mutshatsha, watu wetu wengi walikimbilia Angola. Watoto wao wamerudi, wanasema kireno. Mbele ya meza ya kuandikisha wanaambiwa: «Wewe si wa huku.» Asiye na karatasi anahitaji mashahidi.

Mapadri wamefanya kazi kubwa katika mambo haya: Padri Apollinaire Malu Malu wa Butembo-Beni aliongoza uchaguzi wa 2006, na mwaka 2018 Maaskofu walituma watazamaji 40.000 hivi. Lakini shahidi wa kijijini mara nyingi ni katekista. Yeye anajua nani alibatizwa wapi, na kwa wazee wengi kitabu cha ubatizo ndicho karatasi peke yake inayobaki. Anapoitwa kushuhudia, na afungue kitabu kile kwanza, kabla ya kusikiliza mutu anasema lugha gani.