Lugha ya Wageni katika Shule za Misioni: Kutoka Mpala hadi Kirungu



Katika siku za yubile tunahesabu makanisa yaliyojengwa na watu waliobatizwa. Inafaa vilevile kukumbuka shule, kwani katika inchi yetu misioni na shule zilikuja pamoja. Na shuleni lilitokea swali zito: mtoto wa kijiji afundishwe kwa lugha gani?

Mwaka wa 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganika, kilichoanzishwa mwaka wa 1883 na Emile Storms. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa amewaagiza wajifunze lugha ya watu wanaokaa nao. Basi mwanafunzi wa kwanza wa lugha katika misioni alikuwa padri mwenyewe, na walimu wake walikuwa wenyeji. Kitabwa kilisemwa nyumbani. Kiswahili, kilichofika na misafara ya biashara toka pwani ya mashariki, kiliunganisha watu wa makabila mbalimbali waliokusanyika misioni, wengine wao wakiwa wamekombolewa katika utumwa.

Lugha za Ulaya ziliingia kwa mlango mwingine. Mgr Victor Roelens, aliyeanzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu, mwaka wa 1893, alitaka kupata mapadri wazaliwa wa inchi. Alifungua seminari ndogo huko Mpala mwishoni mwa karne ya 19. Vijana walijifunza humo Kilatini, lugha ya Misa wakati ule, pamoja na Kifaransa. Mmoja wao alikuwa Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu.

Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Serikali ya mfalme Leopold II walifanya mapatano. Misioni zilipewa mashamba kwa ajili ya shule, na zikatakiwa kufundisha lugha za Ubelgiji. Lakini baadaye kanuni za Serikali za mwaka 1929 ziliagiza kwamba shule ya kijiji ifundishe kwa lugha ya wenyeji. Kifaransa kiliwekwa hasa kwa shule za wateule.

Mashauri hayo yalikuwa na hekima, kwani mtoto huelewa kwanza kwa lugha anayoisikia nyumbani. Hata hivyo, ofisi na mahakama ziliandika kwa Kifaransa. Mkristu aliyesoma vizuri katekisimu yake hakuweza kusoma barua ya Serikali iliyomhusu yeye mwenyewe. Na wasichana walikawia kuliko kaka zao kufunguliwa mlango huo. Hivyo hekima ikageuka kuwa ukuta.

Kaoze alituonyesha matumizi mema ya lugha ya wageni. Mnamo 1910 na 1911, akiwa bado mseminari, gazeti La Revue Congolaise lilichapa maandiko yake juu ya fikira na desturi za Wabantu. Hakutumia Kifaransa ili kurudia maneno ya wageni, bali ili kuwaeleza wageni roho ya watu wake. Tarehe 21 Julai 1917 Mgr Roelens alimpa daraja la upadri pale Baudouinville, naye akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi.

Tusisahau, hata hivyo, makatekista wasiojua Kifaransa wala Kilatini. Ndio waliopanda vilima na kuvuka mito ili kuwafundisha wazee wetu sala kwa maneno waliyoyaelewa. Padri alipita mara chache; katekista alikaa.

Leo Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Wazazi, wapelekeni watoto shule, wavulana na wasichana, wajifunze lugha za mbali bila woga. Lakini mtoto akirudi nyumbani na kuona haya kusali kwa lugha ya bibi yake, elimu yake imepungukiwa. Kaoze alisoma sana, wala hakuwaacha watu wake.