Kubishana redioni: jaribio la chumvi mashariki mwa Kongo

Pale Nyawera, katika komini ya Ibanda, habari ya redio haiishi wakati kipindi kinaisha. Inashuka sokoni, inapanda mota, na ikifika jioni imekuwa "watu wote wanasema". Wengi huku Bukavu wanawaza kama kuongea sana ndiyo dawa ya chuki: acha kila mutu atoe yake, mwisho tutasikilizana. Wazo hilo lilipimwa huku kwetu mashariki, na jibu halikupendeza.

Ni utafiti wa Elizabeth Levy Paluck, mwanasaikolojia wa Marekani, uliotoka mwaka 2010. Shirika La Benevolencija lilikuwa linarusha mchezo wa redio, Kumbuka Kesho, juu ya migogoro ya jamii. Sehemu fulani zilisikia mchezo peke yake. Zingine, kisha mchezo, zilipata kipindi cha masolo kilichosukuma wasikilizaji kujadiliana na kujaribu kuelewa upande wa mwingine. Kisha mwaka mmoja wakaaji wakaulizwa maswali. Wakapewa na chumvi ya asante, halafu swali la kweli likaja: unaweza kummegea mtu wa kundi usilolipenda?

Wale wa masolo walikuwa wamejadiliana zaidi, ndiyo. Lakini uvumilivu wao ulikuwa mdogo, walikumbuka zaidi mabaya waliyotendewa, na wengi zaidi walikataa kumegea chumvi. Kosa si la mchezo, maana pande zote mbili waliusikia.

Sababu moja inajulikana tangu miaka ya 1960: watu wenye wazo moja wakijadiliana wao kwa wao, wanatoka na wazo kali zaidi. Na mtu hubishana na nani? Na wa nyumbani, wa kanisa moja, wa meza moja sokoni. Kila mmoja anaongeza kuni, hakuna wa kumwaga maji.

Nchini Rwanda, Paluck alipima mchezo mwingine wa shirika hilo, Musekeweya. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha yao ya kile majirani wanaona kuwa sawa. Ndiyo maana "wote wanasema" ina nguvu hata pale ambapo hakuna aliyehesabu hao wote, na mtangazaji anayefungua simu hewani anapaswa kujiuliza kwanza ni nani hajapiga.