Nani Hufungua Faili ya .bat? Historia Fupi ya Dirisha Jeusi

Leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe, na historia iliyolizaa.

Mwaka 2011 nilikuwa nikitunza kompyuta ya mama mmoja mwenye duka. Kila jioni alibofya mara mbili faili moja ya .bat, na hesabu za siku zikanakiliwa kwenye flashi. Mimi sikulipenda lile dirisha jeusi la Windows, basi nikaingia kwenye rejista na kuagiza faili za .bat zifunguliwe na programu nyingine ya terminali. Dirisha jipya lilifunguka, likapendeza. Kumbe halikutekeleza hata amri moja! Diski ilipoharibika wiki iliyofuata, flashi ilikuwa na hesabu za zamani tu.

Nilidhani dirisha na msomaji wa amri ni kitu kimoja. Sivyo. Terminali huonyesha maandishi na kupokea unachochapa. Sheli ndiyo husoma skripti na kuitekeleza.

Watu wa Unix hawakupata taabu hiyo, kwa sababu kwao terminali ilianza kama mashine ya kando. Teletype Model 33 ya mwaka 1963 ilichapa kwenye karatasi; VT100 ya 1978 ilikuwa na kioo na kibodi. Xterm ilipoandikwa mwaka 1984, mashine hiyo iligeuka programu, lakini mpaka ulibaki palepale. Na nani asome skripti? Dennis Ritchie alishajibu Januari 1980: mstari wa kwanza wa faili, unaoanza kwa #!, humtaja msomaji wake. Badilisha terminali utakavyo, skripti haina habari.

Kwa Microsoft mambo yalikuwa mengine. Katika MS-DOS ya 1981, COMMAND.COM ilitumia skrini nzima. Windows NT ilipokuja na cmd.exe mwaka 1993, dirisha lilichorwa na mfumo wenyewe, na mtumiaji hakuulizwa. Windows 7 ya 2009 iliikabidhi kazi hiyo programu iitwayo conhost, lakini bado hukuwa na pa kuchagua. Ndiyo maana watu kama mimi tulipapasa pasipostahili: tulitaka kubadilisha dirisha, tukambadilisha msomaji.

Mwaka 2018 Microsoft walifungua njia rasmi, ConPTY, ya programu nyingine kushika nafasi ya dirisha lile. Windows Terminal 1.0 ilitoka Mei 2020, na mwaka 2022 Windows 11 ikaanza kuitumia bila kuagizwa. Sasa kwenye mipangilio kuna mahali pa kuchagua terminali, na faili ya .bat haiguswi kabisa.

Mimi na yule mama tulikaa siku mbili tukiandika upya mauzo kutoka vitabu vya risiti. Tangu hapo, kabla sijarudisha kompyuta ya mtu, nafungua flashi na kuangalia tarehe ya faili. Dirisha kufunguka si ushahidi kwamba kazi imefanyika.